Mitambo Inaposema, Ni Nani Atakayesikiliza?

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma, juu ya mitandao ya redio inayounganisha vihisi vya mitambo.



Mitambo haina desturi ya kufa ghafla. Beringi ya mota inayoelekea kuvunjika huanza kutetemeka vingine majuma kadhaa kabla ya siku ambayo mota itasimama. Bomba linalovuja hupungukiwa na mgandamizo kidogo kidogo. Chumba cha baridi kilichojaa dawa hupanda joto digrii moja baada ya nyingine usiku kucha, huku mlinzi ameketi nje ya mlango bila kujua. Mtambo, basi, husema mapema. Taabu ni kwamba husema mahali ambapo hapana mtu, au kwa sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuikamata.

Kwa miaka mingi viwanda vikubwa vimekuwa vikiisikiliza mitambo yao kwa njia ya waya. Chombo kidogo kiitwacho kihisi hupima joto, mtetemo, mgandamizo au kina cha maji, kisha kipimo hicho husafiri kama mkondo wa umeme wa kati ya miliampea 4 na 20 hadi katika chumba cha waangalizi. Njia hii ni ya kutegemewa hata leo. Lakini waya una gharama zake: mtaro lazima uchimbwe, bomba la kuukinga lazima lilazwe, na fundi lazima alipwe. Aghalabu gharama ya kuulaza waya huzidi bei ya kihisi chenyewe. Ndiyo sababu pampu iliyo porini, tangi lililo juu ya kilima na mota ndogo ya pembeni viliachwa bila mwangalizi, ingawa vikiharibika huleta hasara na usumbufu kwa watu wengi.

Simu za mkononi zilileta jibu la nusu. Kifaa cha simu huweza kutuma ujumbe kutoka popote penye mnara, lakini simu ilibuniwa kwa ajili ya mazungumzo na habari nyingi. Hula betri upesi, na kila kifaa huhitaji laini yake na malipo yake. Kukipa kazi hiyo kihisi kinachotaka kusema neno moja kwa saa ni sawa na kukodi lori la tani 7 ili kupeleka barua moja posta.

KUSEMA KIDOGO ILI KUFIKA MBALI

Katika miaka ya mwanzo ya 2010 wahandisi wa Ufaransa walilishika jambo hili kutoka upande wa pili. Mjini Grenoble kampuni changa ya Cycleo ilibuni namna ya utangazaji iliyokuja kuitwa LoRa. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilinunuliwa na Semtech ya Marekani. Huko Labège, karibu na Toulouse, Ludovic Le Moan na Christophe Fourtet walianzisha kampuni ya Sigfox mwaka 2010. Mbinu zao zilitofautiana, lakini hoja yao ya msingi ilikuwa moja: kihisi hakina mengi ya kusema, wala hakina haraka. Basi na kipewe redio inayosema kidogo, polepole, kwa nguvu ndogo sana, lakini inayosikika mbali.

Hoja hiyo ina msingi wa kisayansi. Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon alionyesha kwa hesabu kwamba kelele haizuii habari kupita. Huiwekea tu mpaka wa kasi yake. Anayekubali kwenda polepole huweza kueleweka hata pale ambapo sauti yake ni dhaifu kuliko kelele. Watu waishio milimani walilijua jambo hilo bila hesabu. Mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde hasemi upesi upesi. Huyavuta maneno, tena huyarudia.

LoRa huyavuta maneno. Kila alama yake ni wimbi linalopanda kutoka masafa ya chini hadi ya juu, mfano wa mluzi unaopanda. Mluzi huo huweza kufupishwa au kurefushwa kwa ngazi sita. Ujumbe wa baiti 12 katika ngazi ya haraka huisha kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika ngazi ya polepole kabisa ujumbe ule ule huchukua karibu sekunde moja na nusu. Kwa malipo ya muda huo, kipokezi huweza kuutambua hata ukiwa dhaifu mara 100 kuliko kelele inayouzunguka.

Sigfox iliyarudia maneno. Badala ya kulitandaza wimbi, iliubana ujumbe katika ukanda mwembamba sana wa masafa na kuusafirisha, huko Ulaya, kwa kasi ya biti 100 tu kwa sekunde. Kila ujumbe hutangazwa mara tatu katika masafa tofauti, ili mmoja ukipotea, mwingine ufike. Habari iliyomo ndani haizidi baiti 12. Kwa mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake baiti 12 ni kiasi gani, maneno "Maji yamejaa", pamoja na nafasi iliyo katikati yake, hujaza baiti 12 kamili. Hayo ndiyo yote yawezayo kusemwa kwa mara moja. Na kwa mwangalizi wa tangi, hayo yanatosha.

Nguvu inayotumika ni ndogo mno. Katika masafa ya megahezi 868 yanayotumiwa Ulaya, kifaa cha kawaida hutangaza kwa miliwati 25. Balbu ya wati 25 hula nguvu mara 1,000 ya hiyo. Hata hivyo ujumbe wa LoRa hufika kilomita chache katikati ya majengo ya mji, na kilomita 10 au zaidi katika nchi iliyo wazi. Mwaka 2017 chombo kilichobebwa na puto juu ya anga la Ulaya kilisikika kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 700 kwa nguvu hiyo hiyo ya miliwati 25. Habari ya puto si ahadi kwa kihisi kilichofungwa chini ya mfuniko wa chuma, kwani huko angani hapakuwa na kilima wala ukuta. Lakini inadhihirisha jinsi sauti ndogo inavyoweza kwenda mbali ikipangwa vizuri.

Kifaa kikishasema, hulala. Redio huzimwa, kipimo kingine husubiriwa, na betri hupumzika. Kwa desturi hiyo betri moja isiyochajiwa huweza kudumu miaka 5, hata 10, kwa kadiri ya wingi wa ujumbe na umbali wa kituo kinachoupokea. Miaka 10 ndiyo namba inayopendwa na wauzaji katika matangazo yao. Nayo ndiyo namba inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote.

MIPAKA YAKE

Lakini kwanza yafaa mipaka ya mitandao hii ielezwe bila kuficha, maana chombo kinachosifiwa kupita kiasi ndicho kinachotupwa upesi.

Mpaka wa kwanza ni msongamano. Vifaa hivi havisubiri zamu. Kanuni yao ilitokana na mtandao ulioitwa ALOHA, uliojengwa na Profesa Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ukaanza kazi mwaka 1971 kuziunganisha kompyuta za visiwani kwa redio. Katika kanuni hiyo, mwenye neno husema bila kusubiri kuitwa. Ni kama darasa ambamo wanafunzi hujibu bila kunyoosha mkono. Wakiwa wachache, mwalimu huwasikia. Wakiwa wengi, sauti hugongana na hakuna jibu linaloeleweka. Hesabu huonyesha kwamba mtandao wa namna hiyo hauwezi kupitisha zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Kwa hiyo mtandao uliofaulu katika majaribio ya vihisi 50 usidhaniwe kwamba utafaulu vivyo hivyo ukipewa maelfu. Majaribio madogo hayatoshi kuwa hoja ya manunuzi makubwa.

Mpaka wa pili ni sheria ya masafa. Masafa haya hutumiwa na wengi bila leseni ya kila mmoja, na ili pasiwe na mtu wa kuyahodhi, Ulaya imeweka kwa sehemu kubwa ya masafa hayo kikomo cha asilimia moja ya muda. Maana yake, kila kifaa kina sekunde 36 tu za kusema katika saa nzima. Ujumbe mmoja wa Sigfox, ukirudiwa mara tatu, huchukua karibu sekunde 6. Hivyo hupatikana ujumbe 6 kwa saa, na ndiyo asili ya kikomo cha ujumbe 140 kwa siku ambacho kampuni hiyo iliwawekea wateja wake. Kutoka kituoni kwenda kwa kihisi, ujumbe ulioahidiwa ulikuwa 4 tu kwa siku.

Kutokana na hayo yafaa ieleweke kwamba mitandao hii ni ya kutoa habari, si ya kutoa amri za dharura. Asitokee mtu wa kuitegemea kusimamisha mashine inayoweza kumkata mfanyakazi mkono, au kufunga vali ya gesi kwa sekunde moja. Kwa kazi hiyo waya ungali bwana. Kihisi cha redio kinafaa kumwambia fundi leo kwamba beringi itahitaji kubadilishwa juma lijalo. Hilo peke yake ni jambo kubwa.

BETRI MIAKA 10, MTANDAO MIAKA MINGAPI?

Sasa na irudiwe ile namba ya miaka 10. Mnunuzi anapoambiwa kwamba betri itadumu miaka 10, hufurahi na kutia sahihi. Ni wachache wanaouliza swali linalofuata: je, mtandao utakaousikiliza ujumbe wa betri hiyo utadumu miaka mingapi? Kihisi chenye betri nzima na kisicho na msikilizaji ni sawa na kihisi kilichokufa, ila hiki hakina hata dalili ya kufa. Kimefungwa palepale, taa yake inawaka, na kinaendelea kusema peke yake.

Historia fupi ya mitandao hii imekwisha kutoa fundisho. Sigfox ilikusanya mtaji wa euro milioni 100 mwaka 2015, na euro milioni 150 mwaka 2016. Mpango wake ulikuwa kwamba katika kila nchi pawe na mwendeshaji mmoja, na ujumbe wote wa dunia upitie katika kompyuta zake. Ilifika katika nchi zaidi ya 70. Mwaka 2018 kampuni ya Liquid Telecom ilitangaza kuuleta mtandao huo nchini Kenya. Lakini mapato hayakufuata matumaini. Mwezi wa Januari 2022 Sigfox iliwekwa chini ya usimamizi wa mahakama, na mwezi wa Aprili mwaka huo huo mahakama ya biashara ya Toulouse iliikabidhi kwa UnaBiz, kampuni ya Singapore. Mtandao haukuzimwa siku hiyo, na hilo lisemwe kwa haki. Lakini kihisi kilichofungwa mwaka 2015 kwa ahadi ya betri ya miaka 10 kiliishuhudia kampuni iliyokisajili ikianguka kikiwa na umri wa miaka 7 tu. Betri ilikuwa bado ina nguvu. Mwenye mtandao ndiye aliyeishiwa.

Wapo watakaosema kwamba kosa lilikuwa kuitegemea kampuni changa, na kwamba usalama upo kwa makampuni makubwa ya simu. Makampuni hayo nayo yana mfumo wao, uitwao NB-IoT, ambao viwango vyake vilikamilishwa mwaka 2016. Hutumia minara ile ile ya simu, hauingiliwi na watu wa nje, na ujumbe wake hupenya hadi katika vyumba vya chini ya ardhi. Ni mfumo mzuri. Hata hivyo kampuni ya NTT Docomo ya Japani iliuanzisha mwezi wa Aprili 2019 na kuufunga mwezi wa Machi 2020. Mtandao haukutimiza hata mwaka mmoja. AT&T ya Marekani iliuanzisha mwaka 2019 na kuufunga mwaka 2025. Makampuni hayo yote mawili yalibaki na mfumo mwingine wa jamii hiyo. Lakini kihisi kilichoundwa kwa mfumo mmoja tu hakijui kuhama. Anayehama ni fundi, anayelazimika kupanda ngazi na kukibadilisha kimoja kimoja.

Upande wa pili iko China. Mwaka 2017 wizara yake ya viwanda na habari ilitoa maagizo kwamba mtandao wa NB-IoT ujengwe nchi nzima, na kufikia mwaka 2020 vifaa vilivyounganishwa vilizidi milioni 100. Mita za maji na za gesi zilikuwa miongoni mwa matumizi yake makubwa. Basi ufundi ule ule ambao Docomo iliuona haufai kuendelezwa, kwingine ulishamiri. Tofauti haikuwa katika wimbi la redio. Tofauti ilikuwa katika nani aliyekuwa na sababu ya kuutunza mtandao, na kwa muda gani.

Ipo njia ya tatu, nayo ni kujenga mtandao wako mwenyewe. Kanuni za mtandao wa LoRaWAN, unaotumia mawimbi ya LoRa, zilitangazwa mwaka 2015 na umoja wa makampuni uitwao LoRa Alliance, na mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilizikubali kuwa kiwango cha kimataifa. Kiwanda, chuo au mamlaka ya maji huweza kusimamisha kituo chake cha kupokelea juu ya paa, kikawa na kompyuta yake, na kisimlipe mtu yeyote kwa kila ujumbe. Mjini Amsterdam, mwaka 2015, wakazi walioanzisha mtandao wa The Things Network waliufunika mji kwa vituo 10 katika majuma 6. Hawakungojea kampuni ya simu.

Lakini hata hapa tahadhari inahitajika. Mtandao wa kujitolea hauna anayelazimika kuuwasha kesho. Mwenye kituo akihama nyumba, kituo hunyamaza. The Things Network wenyewe ulipohamia katika mfumo mpya, mfumo wa zamani ulifungwa mwishoni mwa mwaka 2021, na vituo ambavyo wenyewe hawakuvihamisha vikaachwa nje. Tena, ingawa kanuni za LoRaWAN ziko wazi kwa wote, ubunifu wa mawimbi ya LoRa ni mali ya Semtech. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba huu ni mtandao usio na mwenyewe, na aulize tena. Kila mtandao una mwenyewe. Linalotofautiana ni kama mwenyewe yuko karibu au mbali, na kama ana wajibu kwa mtumiaji au hana.

NANI ANASHIKA FUNGUO?

Katika mitandao hii umiliki hauonekani kwa macho kama unavyoonekana katika waya na nguzo. Umo katika funguo. Kila kifaa cha LoRaWAN huwekwa ndani yake ufunguo wa siri wa biti 128, ambao kwao ujumbe hufungwa ili asiyehusika asiusome wala kuughushi. Aliye na ufunguo huo ndiye awezaye kukihamisha kifaa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Asiye nao, hata kama kifaa kiko nyumbani kwake na amekilipia, hana zaidi ya kisanduku cha plastiki.

Jambo hili huonekana dogo siku ya mkataba, kwa sababu siku hiyo kila mtu anatabasamu. Huwa kubwa siku ambayo muuzaji amepandisha ada, au ameuza kampuni, au amefunga ofisi. Mamlaka ya maji yenye mita 5,000 na orodha kamili ya funguo zake huweza kusimamisha vituo vyake na kuendelea na kazi. Mamlaka yenye mita 5,000 na isiyo na funguo itaanza upya, na fedha itakayotumika ni ya wananchi wale wale waliozilipia mita za kwanza. Hapo ndipo mtumishi wa umma aliyeandika zabuni hupimwa, ingawa pengine wakati huo amekwisha kuhamishiwa idara nyingine.

SIKIO BILA MIKONO

Hata mtandao ukidumu na funguo zikiwa salama, bado liko jambo moja. Ujumbe haukazi nati wala haubadilishi mpira wa pampu.

Katika eneo la Kyuso, Kitui, nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vyombo vidogo katika pampu za maji za mkono. Chombo kilihesabu mwendo wa mkono wa pampu na kupeleka hesabu hiyo kwa simu. Vyombo hivyo vilitumia mtandao wa kawaida wa simu za mkononi, lakini fundisho lake linaihusu mitandao yote ya vihisi. Kabla ya majaribio hayo, pampu iliyoharibika ilikaa siku zipatazo 27 kwa wastani kabla ya kutengenezwa. Wakati wa majaribio muda huo ulishuka ukawa chini ya siku 3.

Anayesoma hesabu hiyo kwa haraka atasema redio ndiyo iliyozipunguza siku. La hasha. Pamoja na vyombo hivyo palikuwa na kikosi cha mafundi ambao kazi yao ilikuwa kwenda, wakiwa na vipuri. Redio iliwaambia ni pampu ipi; mikono yao ndiyo iliyorudisha maji. Kama pasingekuwa na mafundi, ujumbe ungefika saa ile ile, ukahifadhiwa vizuri katika kompyuta, na akina mama wangeendelea kutembea kwenda mtoni kwa siku 27 zile zile. Tofauti ni kwamba safari hii ofisi ingekuwa inajua.

Mfano mwingine unatoka katika hifadhi za wanyama. Mwaka 2017 vihisi vya LoRa viliwekwa ndani ya pembe za faru weusi nchini Tanzania ili mahali walipo pajulikane, na mwaka huo huo Hifadhi ya Akagera nchini Rwanda ilipata mtandao wa LoRaWAN wa kuwasaidia walinzi wake. Ufundi huu, basi, si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Yafaa kuona kwamba uliingia mahali ambapo tayari pana askari wa zamu, wanaosubiri habari usiku na mchana na walio tayari kuondoka. Mtandao ulilikuta sikio na mikono vikiwa kazini.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA SAHIHI

Ndugu watumishi, wauzaji wa vihisi wanabisha hodi katika mamlaka za maji, viwandani, bohari za dawa na halmashauri. Wengi wao wana bidhaa nzuri. Hapana haja ya kuwafukuza, wala hapana haja ya kuwashangilia. Iko haja ya kuwauliza maswali machache, na majibu yake yaandikwe ndani ya mkataba.

Kwanza, mtandao huu ni wa nani, na ukifungwa kabla ya betri kwisha, nani atagharimia kuhamisha vifaa? Jibu la kwamba hautafungwa si jibu.

Pili, funguo za vifaa vyote zitakabidhiwa kwa mnunuzi siku ya kupokea mali, au zitabaki kwa muuzaji?

Tatu, vifaa vimetengenezwa kwa masafa yapi, na je, masafa hayo yameruhusiwa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ambayo kwa Tanzania ni TCRA? Kifaa kilichoundwa kwa megahezi 915 za Marekani hakiwi halali kila mahali kwa sababu tu kilikuwa rahisi kwa bei.

Nne, ujumbe ukifika saa nane za usiku, unamfikia mtu gani kwa cheo chake, na mtu huyo ana gari, vipuri na ruhusa ya kutenda? Swali hili muuzaji hawezi kulijibu. Ni la ofisi yenyewe, nalo ndilo linalopaswa kujibiwa mapema kuliko yote.

Na kwa ndugu walimu, kazi yao katika jambo hili si ndogo. Kipokezi cha LoRa na vihisi viwili vitatu ni vifaa vya bei ndogo kuliko vyombo vingi vya maabara. Mwanafunzi wa sekondari ya ufundi aliyekwisha kupima kina cha tangi la shule yake kwa redio, akaona ujumbe ukipotea mlango wa chuma unapofungwa, akauhesabu muda wa kila ujumbe na kuyalinda mafungu yake ya funguo, hatadanganywa na tangazo lolote atakapokuwa afisa wa manunuzi. Fundi wa kituo cha kupokelea huandaliwa darasani miaka kadhaa kabla ya kituo kusimamishwa.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Katika mitandao hii yafaa iongezwe kwamba vinavyoelea vina pia mtu anayekesha kuyafuta maji yanayoingia chomboni. Wahandisi wamekwisha kuipa mitambo sauti ya kusikika kilomita 10 kwa nguvu ndogo kuliko ya taa. Kazi iliyobaki haihusu redio. Ni kumweka msikilizaji, kumpa zana, na kuhakikisha kwamba mwaka wa kumi, betri inapotoa ujumbe wake wa mwisho, bado yuko mtu wa kuupokea.